Opereta na Neno la Tatu

Opereta alichukia neno jipya kama watu wengine wanavyochukia mgeni anayefika sufuria ikiwa imekwisha kuepuliwa. Ukimwambia, "Mzee, tuongeze neno hili," hakuuliza linafanya nini. Aliuliza, "Litakula nini?" Halafu alivua miwani, akaifuta kwa pindo la shati, akakungoja ujichanganye mwenyewe. Mimi nilijichanganya mara nyingi, maana nilikuwa kijana wa kichwa moto, mwalimu wa hesabu wa shule ya sekondari, na niliamini kwamba kitu kikiwezekana basi kifanyike leo leo. Aliniita Prof, na sijawahi kujua kama ilikuwa heshima au kejeli. Nadhani ilikuwa kejeli.

Maneno ninayosema ni ya lugha ya kompyuta. Ndiyo, kompyuta, hapo hapo Kimanga, mjini Uvira, wakati wa ile tunayoiita vita ya pili. Opereta alikuwa ameunda lugha ndogo ya kuiamuru mashine kwa Kiswahili, ameipandisha juu ya lugha nyingine ya Wazungu, ili wanafunzi wake wa jioni wasife na Kifaransa kabla hawajajifunza kitu. Chukua. Jumlisha. Rudia. Andika. Kama. La sivyo. Aliiita Ndagala, jina la visamaki vya ziwa letu, kwa sababu ni kitu kidogo kinachoshibisha nyumba nzima. Kituo chake kilikuwa chumba kimoja chenye kompyuta mbili chakavu na printa moja, na nyuma yake ua wa saruji ambamo majirani walianika ndagala wa kweli. Mpaka leo nikisikia harufu ile nakumbuka hesabu.

Sitasema alizaliwa wapi wala ni wa ukoo gani. Kwetu maswali hayo yametugharimu vya kutosha. Jina la Opereta alilipata kwenye kiwanda cha sukari huko uwanda wa Ruzizi, miaka ile ya mwanzo wa uhuru, alipokuwa akiendesha mashine za kutoboa kadi za hesabu, mababu wa kompyuta. Mashine zilikufa, jina likabaki. Mkewe alimwita Opereta, pasta alimwita Opereta kwenye matangazo ya kanisa, na sidhani kama yeye mwenyewe alijiita vingine hata ndotoni.

Alikuwa na majivuno, tusidanganyane. Alivaa tai kila siku, hata siku ambazo joto la ziwa lilikuwa linatupika. Aliwafukuza mbwa kwa Kifaransa, akidai Kiswahili hawakiheshimu. Yeye aliyetuhubiria subira asubuhi mpaka jioni hakuweza kungoja chai ipoe. Aliungua ulimi kila siku, na kila siku akamlaumu mkewe. Na huyu adui wa maneno mapya, mdomo wake mwenyewe ulikuwa soko: alichota Kilingala kwa askari, Kirundi kwa wauza mchele, Kifuliiru kwa mama wa mihogo, akavitumia vyote katika sentensi moja bila kuomba radhi. Nilipomwambia kwamba anajipinga, alinijibu kwa Kiswahili chetu cha Uvira, ambamo "minye" ni mimi, "weye" ni wewe na "mbele" ni kabla, "Minye mudomo yangu ikikosea, nitatubu. Mashine haijue kutubu."

Kituko kikubwa zaidi tulikigundua kwa bahati. Mwanafunzi mmoja aliandika "tafadhali andika" badala ya "andika", nasi tukangoja mashine ikatae. Haikukataa. Tukajaribu tafadhali jumlisha, tafadhali rudia, zote zikapita. Lo! Opereta, aliyetunyima maneno tuliyomwomba kwa magoti, alikuwa ameingiza tafadhali kwa siri, neno ambalo halikufanya kazi yoyote. Nilimvaa palepale. "Na hili linakula nini, Mzee?" Alifuta miwani muda mrefu. "Hili halikulaka kitu," akasema. "Liko na adabu tu."

Namna yetu ya kujadili neno jipya sijaiona mahali pengine. Umeme ulikuja ukitaka, na mafuta ya jenereta hayakuwa ya kuchezea, kwa hiyo kila neno lilijaribiwa kwanza na watu. Jambo hilo tuliliita kucheza mashine. Programu iliandikwa kwa chaki kwenye saruji, mstari chini ya mstari. Mtu mmoja alikuwa mguu: alisimama juu ya mstari, akafanya kilichoandikwa pale na si kingine, kisha akashuka kwenye mstari unaofuata. Vitu ambavyo mashine inakumbuka viliwekwa chini ya sahani zilizopinduliwa. Jiwe jeupe lilikuwa ndiyo, jiwe jeusi lilikuwa hapana. Sahani isiyo na kitu, Ndagala iliihesabu kuwa hapana. Mwiko ulikuwa mmoja: mguu haufikiri. Ukifikiri umekosea, hata kama umepatia.

Mimi nilikuwa mguu mbovu. Siku nilipoleta neno langu "isipokuwa", nililipenda mpaka nikalicheza mwenyewe huku nikilitetea, mikono juu, nikatoka nje ya chaki bila kujua na kukanyaga ndagala wa jirani. Mama yule alitoka na ufagio. Opereta alimsubiri amalize kunitukana, akasema, "Isipokuwa yako imeharibu chakula ya bantu mbele haijazaliwa." Neno likafia hapo. Nilimnunia wiki nzima, naye hata hakugundua.

Kikao chetu kilikuwa cha watu watatu: Opereta, mimi, na Mama Neema. Huyu Mama Neema ndiye aliyekuwa mwenye printa, maana haikumsikiliza mtu mwingine. Alikuwa mjane, mpole wa sauti, mgumu wa hoja. Alizaliwa Mutarule, kule uwanda wa Ruzizi. Mama yake alikuwa mtu wa ziwa, baba yake alivuka mto zamani akitokea Burundi, akaja kulima pamba, akabaki. Watoto wake wawili, Neema na mdogo wake, alikuwa amewapeleka Mutarule kwa bibi yao, kwa sababu mjini risasi zilikuwa zinalia. Halafu risasi zikahamia uwandani, na barabara ikafungwa.

Hapo ndipo Komanda alipotuingilia. Mji ulikuwa mikononi mwa waasi, na yeye ndiye aliyeshika ofisi ya njia. Hakuna aliyepita bariere, kizuizi cha askari barabarani, kwenda uwandani bila lesepase, karatasi ya ruhusa. Zile za kuandikwa kwa mkono watu walikuwa wanazighushi, akataka zichapwe kwa mashine, na mashine zilikuwa zetu. Hakutuomba. Alikaa kwenye kiti cha Opereta, mlinzi wake akiwa ameegemea mlango na bunduki, akatuandikisha maswali: jina, kijiji, safari, siku ya kurudi. La mwisho lilikuwa hili: mwenyeji, ndiyo ao hapana. Wa ndiyo apewe karatasi. Wa hapana arudi nyumbani, na ajue kwamba amejulikana.

Alipotoka, Mama Neema alibaki ameshika ukingo wa meza. Kila mtu Kimanga alijua baba yake ni wa wapi. Akiandika ndiyo, karani wa Komanda angemkana mbele ya watu. Akiandika hapana, asingewaona watoto wake tena.

"Batoto yangu iko kule," alisema. "Vita inakaribia Mutarule. Minye niandike nini?"

Nilisikia hasira inanipanda, na haikuwa na pa kwenda.

Kesho yake alileta hoja kikaoni, kwa utaratibu wetu, kama mtu anayeomba neno la kawaida. Alitaka Ndagala iwe na jibu la tatu: ndiyo, hapana, na sijui. Kwa nini, aliuliza, sahani tupu ihesabiwe hapana? Kukosa jibu si kukataa. Nilimwunga mkono kwa mikono miwili. Nilisema lugha isiyoweza kusema sijui ni lugha ya Komanda. Nilisema kwa sauti kubwa mno, hata Opereta akainuka kwenda kufunga dirisha.

"Hapana," akasema aliporudi.

"Juu ya nini, Mzee?" nikamwuliza sababu.

"Twende tucheze."

Tukatoka uani. Mama Neema hakuchukua jiwe jeupe wala jeusi. Alichukua haragwe, akaliweka chini ya sahani. Hilo ndilo sijui. Kwenye saruji kulikuwa na mistari miwili: Kama mwenyeji ni ndiyo, andika lesepase. La sivyo, rudisha mtu. Mguu nilikuwa mimi. Nilisimama kwenye mstari wa kwanza, nikainua sahani, nikaona haragwe. Haragwe si ndiyo. Mstari ukanikataa. Nikashuka kwenye la sivyo, na kabla sijafikiri nilikuwa nimesimama juu ya "rudisha mtu", nikimtazama Mama Neema usoni. Nilitamani kurudi nyuma. Sheria yetu haikuniruhusu.

"Munaona?" Opereta alisema polepole. "Sijui yenu inaangukia palepale."

Halafu akatueleza jambo ambalo hakuwa amelieleza kabla. Katika uasi wa kwanza, uhuru ukiwa bado mchanga, vijana wenye mikuki walimsimamisha kwenye bariere ya barabara ya ziwa. Wakamwuliza, weye uko wa nani, wetu ao wa serikali? Akajibu ukweli: sijui. Yeye alikuwa mtu wa kutoboa kadi, na kweli hakujua.

"Nilifikiri sijui iko katikati," alisema. "Haiko katikati. Balinipiga kama vile nilisema hapana, halafu bakaongeza juu ya kuwachelewesha. Ukimupa mwenye bunduki sijui, anaisoma hapana. Afazali muntu adanganye."

"Adanganye namna gani, mbele ya karani anayemjua?" nikaruka.

"Basi asiende!"

Alipiga kelele. Sikuwahi kumsikia akipiga kelele, na jirani alichungulia juu ya ukuta. Mama Neema hakutikisika.

"Mzee," alisema, "weye ulipigwa, ukapona. Neema ingali mutoto. Minye sikuombe mashine iseme uongo. Ninaomba isiseme hapana pahali haijue."

Opereta alimtazama, akachukua koti lake, akaenda zake, chai ikibaki mezani. Mimi niliipiga teke ile sahani ikavunjika. Ilikuwa ya mke wa Opereta, nami nikamnunulia nyingine.

Asubuhi tulimkuta uani, chaki mpaka kwenye tai. Alikuwa ameandika programu upya.

"Sijui inaingia," akasema bila salamu. "Lakini haitaingia mu la sivyo. Mashine ikikutana na sijui, isimame. Isiende mbele, isirudie nyuma. Ingoje muntu aje kujibu. Na yule muntu aandike jina yake, na jina ile ichapwe mu karatasi, watu wote baone ni nani alijibu."

Tulicheza. Nilifika kwenye sahani, nikaona haragwe, nikasimama. Jua lilikuwa linachoma shingo, majirani wanaanika samaki wao, nami nimesimama pale bila kufikiri, nikimngoja mtu. Lilikuwa neno bora kuliko yote yaliyowahi kuingia Ndagala, nami nasema hivyo kama mtu aliyenyimwa mengi. Nikataka kumtania kidogo, mambo yalegee.

"Na hili linakula nini, Mzee?"

Hakucheka. "Hii inakula muntu," akasema, akaingia ndani kuliandika kwenye mashine.

Komanda alilipenda. Alipoelezwa kwamba kukiwa na mashaka mkuu ndiye atakayejibu na jina lake litachapwa, alitaka lichapwe kwa herufi kubwa. Siku ya kutoa karatasi, foleni ilifika mpaka barabarani. Waliosema ndiyo walipita mmoja mmoja, printa ikilia, karani akitazama nyuso. Zamu ya Mama Neema ikafika. Hakusema ndiyo, hakusema hapana, hivyo likaandikwa sijui. Mashine ikasimama, na kwenye kioo yakatokea maneno mawili: Nani anajibu?

Komanda alinyoosha mkono kwenye vitufe. Kisha mkono ukasimama hewani. Nilimwona anafikiri, na niliogopa kuliko nilipoiona bunduki. Mji wetu ulikuwa umebadilisha wenyewe mara nyingi, na karatasi hukaa mfukoni mwa mtu muda mrefu kuliko jeshi linavyokaa mjini. Siku moja jeshi lingine lingeweza kuisoma na kukuta jina lake chini, amemjibia mtoto wa mtu wa ng'ambo. Aliurudisha mkono. Akamgeukia sajini wake. Sajini akakumbuka kwamba kuna kitu cha kuangalia nje. Jenereta ilinguruma. Mama Neema alikuwa ameshika mkoba wake kwa mikono yote miwili.

"Mzee," Komanda akasema, "hii neno iko ya nani?"

"Yangu."

"Basi jibu weye. Na huyu mama akikosa kurudi mbele ya siku ya mungu, minye nitakuja kukamata ile jina iko mu karatasi."

Opereta alivua miwani, akaifuta, akaivaa. Aliandika jina lake lote, lile ambalo hatukuwahi kulisikia likitamkwa, kwa vidole viwili. Halafu akaandika ndiyo. Karatasi ilipotoka alimpa Mama Neema kwa mikono miwili, akamsindikiza mpaka barabarani.

Siku ya mungu, yaani Jumapili, ikapita. Mama Neema hakurudi. Jumatatu walimchukua Opereta chai ikiwa bado moto, wakamfungia katika kontena ya chuma karibu na bandari, mahali ambapo jua likipanda mtu anaiva akiwa hai. Mashine nazo wakabeba, na Ndagala ikaishia hapo. Mkewe alipeleka chakula, walinzi wakakila wao.

Na mimi nilifanya nini? Nilimlaani yule mwanamke. Nilimlaani sokoni, nilimlaani kwenye mlango wa kanisa, nilimlaani bariereni mbele ya askari wenyewe. Nilisema amemuuza mzee aliyempa jina lake. Nilisema mchana kweupe, kwa mdomo uliojaa, mpaka watu wakawa wananikwepa. Uchungu ulikuwa umenijaa na sikuwa na pengine pa kuuweka. Mvua zilipoanza walimwachia Opereta. Alikuwa amekonda, na sikio la kushoto lilikuwa limekufa kwa kipigo. Jina la Mama Neema hakulitaja hata siku moja, na nilipolitaja mimi, alinigeuzia sikio lile bovu.

Miaka ilipita, vita ikatulia kidogo, naye akahamia milimani, Lemera, akilima viazi kwenye hewa ya baridi. Nilipanda huko kumpeleka mke wangu hospitali. Nilimkuta Opereta nje, kwenye benchi la wanaongoja dawa, tai juu ya sweta. Alinitambua kwa sauti, "juu weye unaongeaka kama vile uko mu ugomvi." Nilikaa upande wa sikio zima. Nikamwambia kwamba hata leo watu wenye lugha kubwa za kompyuta bado wanabishana juu ya lile jambo letu, la kitu kisichojulikana kihesabiwe nini. Alifurahi waziwazi. Alirekebisha tai.

Nami, kwa kuwa ni mimi, nikashindwa kuishia hapo.

"Nasikia Mama Neema iko Burundi," nikasema. "Batoto bamekuwa bakubwa, Neema ameolewa. Na hata salamu hajakutumia! Mzee, siku nitamuona yule mama..."

"Prof." Aliweka mkono kwenye goti langu. "Minye ndiye nilimuambia asirudi."

Nilidhani sikusikia vizuri.

"Pale barabarani," akasema. "Nilimuambia, chukua batoto, vuka mto, usirudi hapa tena. Alilia. Alisema, Mzee, batakuua. Nilimuambia ile si kazi yake. Jina iko yangu."

"Na juu ya nini haukuniambia minye? Miaka yote hii ninamutukana mama wa watu!"

"Ningekuambia, ungenyamaza." Alicheka kidogo, cheko la kikohozi. "Komanda alitaka kujua kama tulipatana na yule mama. Angejua, angenipiga risasi. Lakini kila siku askari yake banamuletea habari: yule Prof angali analaani mu soko. Akasema, muntu hawezi kulaani vile kwa uongo. Huyu muzee alidanganywa tu, mumuache aende. Ni laana yako ilinitoa mule, Prof. Nilikuwa nakusikia, siku zingine, bariere ilikuwa karibu. Nilikuwa ninasema: Mungu, asinyamaze."

Muuguzi aliita jina la mtu mwingine. Opereta alinisogelea kwa sikio lake zima, akiwa amekunja uso kama mtu anayejitahidi kusikia.

"Unasema nini, Prof? Ongea kwa nguvu."

Sikuwa nasema kitu. Nilikuwa nalia.